Maneno Juu ya Kawa

S.L.P. 83,
Malindi.
9 Novemba 1986

Mpendwa mdogo wangu Mishi,

Assalaam alaikum. Hujambo huko Maskati, na joto lake? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Sisi hapa mtaani Shela twashukuru. Mama ni mzima, macho tu ndiyo yamezidi ukungu, ila sauti ya kunigombeza kutoka jikoni hadi barazani bado anayo.

Binamu yetu Omar amefika salama na amenipa ujumbe wako: kwa kuwa shuleni wanasema Tumu hajui kusoma na huenda akarudia darasa la kwanza, basi atolewe, akae nyumbani amsaidie bibi yake. Mishi, nimekasirika! Mtoto wa miaka saba hafungiwi kitabu kwa neno la mtu mmoja mwenye chaki. Ningekuandikia kurasa nzima juu ya hilo, lakini Mama amenikataza. Acha nikueleze nilichokiona.

Nilimkalisha mwanao anisomee kitabu chake. Akatiririka bila kukwama, akiyumbayumba kwa mahadhi yaleyale ya chuoni anakosomea Kurani. Nikajiandaa kwenda shuleni kupigana. Mara upepo ukafunua ukurasa mwingine, naye akaendelea na ule wa kwanza, kidole kikitembea juu ya picha ya mbuzi. Nilipomsimamisha akanikemea, "Mjomba, umenikata! Sasa yabidi nianze tena mwanzo!"

Kumbe hakuwa akisoma. Alikuwa amehifadhi kitabu kizima. Huyo ndiye wanayesema ana kichwa kizito!

Nikakata maboksi ya biskuti, nikaandika yale maneno madogo yanayorudi kila mstari: na, ni, kwa, yule, wote, lakini. Hayo hayana picha ya kumsaidia. Ni kuyajua kwa kuyatupia jicho tu, kama angekujua wewe ukitokea mwisho wa kichochoro. Kila alasiri nayachanganya, nafunika sahani kwa kawa za ukindu, naweka neno moja juu ya kila kawa, na chini ya kawa moja tu mna kaimati ya sukari. Nataja neno la kawa hiyo, yeye afunue. Hapo mahadhi hayamwokoi.

Mwanzoni alifunua sahani tupu, akalia. Mama akawaka: "We Seif! Mtoto ataka kaimati, wewe wamlisha karatasi!" Sasa Mama ndiye mchezaji mkubwa. Jana alijaribu kumwibia jibu, akamwonyesha kawa siyo. Tumu akamcheka. "La, bibi, hiyo ni *yule*. Mjomba amesema *wote*." Akafunua mwenyewe, kisha akammegea bibi yake nusu.

Nimezungumza na mwalimu wake, Bi. Jedida. Sikumpigia kelele, amini usiamini. Atamsikiliza tena kabla ya kufunga shule. Huenda akapanda, huenda akarudia. Akirudia, arudie, ila kumtoa, hapana.

Msalimie sana shemeji yangu Zubeir, na Shekha mnayeishi naye. Mama anakuombea usiku na mchana.

Jibu lako usiniandikie mimi, wala usimpe mtu alete mdomoni. Mwandikie Tumu, mstari mmoja, kwa herufi kubwa. Maneno *wewe*, *shule* na *utasoma* ameshayajua. Nitamkabidhi bahasha ikiwa imefungwa, nami nitamsikiliza akisoma mwenyewe.

Mola akufunike kwa rehema zake.

Kaka yako asiyechoka kukupenda,
Seif