Saa ya Ukutani ya Mama Mkwe

Dada Erasma,

Usimcheke huyu twiga wa kwenye kadi, dukani Mbamba Bay hapakuwa na picha nyingine. Mimi mzima, nimeshiba usipa, hawa dagaa wa ziwani, na ugali wa huku wa muhogo unaonata hadi kwenye kope.

Nilijigamba kwamba ARV zangu nitazimeza saa moja kamili, asubuhi na jioni, bila wewe kunigongea sufuria. Simu yangu imeisha chaji, kwa hiyo siku tatu nimefuata saa ya ukutani ya mama mkwe wa kaka, niliyefikia kwake. Jana jioni akanikuta nyuma ya jiko na kidonge mkononi. Nikamweleza. Akacheka hadi akashika ukuta. "Ile saa ni ya Malawi! Nusu ya ukoo wetu iko ng'ambo ya ziwa, sisi tunaenda na redio yao. Umechelewa saa nzima."

Nikameza hapohapo. Akasema kuanzia leo atanikumbusha yeye, nami mjinga nikadhani ataninong'oneza. Leo jioni kasimama ufukweni, akapaza sauti kama anafukuza nyani shambani: "Mkwe! Saa moja ya Tanzania! Dawa!"

Aibu niliyoona, dada! Nageuka nikimbie, nikaona wanaume wawili waliokuwa wakiosha nyavu wameinuka kimya, kila mmoja anakwenda kwake mbiombio, kumbe nao saa yao ya dawa imefika.

Nimemwomba apige kelele hivyohivyo kila siku.

Nisalimie watoto, na kahawa yangu muianike vizuri. Na wewe wa posta unayesoma hii, ukimaliza kucheka nenda kapime.

Mdogo wako,
Veneranda