Msamaha Nisiouomba

Detroit, 9 Mei 1998. Miaka arobaini na miwili tangu nitoke Mississippi.

Dada Odessa,

Bamia zako za siki zimefika salama. Kwenye simu ulisema, "Kaka, serikali imekusamehe, acha ukaidi, njoo ule kambare!"

Nimeisoma barua yao mara tatu. Inanisamehe kosa la kumvamia yule mwanamke mweupe dukani. Nilimfungulia mlango tu, nikafungwa miaka miwili. Nilipoomba mashahidi, sherifu alicheka: "Mwanamume mweusi, mwanamke mweupe, shahidi wa nini?"

Asiye na kosa hasamehewi, dada; huombwa radhi. Waandike kwamba walinisingizia. Kaburi la Mama nalitamani, lakini kwa msamaha huo sitarudi.

Kaka yako,
Lucius