Maziwa ya Signe Kwenye Mashine

Jumatatu, 4 Novemba

Bonnie, nesi wa utafiti pale hospitali, kapiga simu asubuhi. Maziwa niliyokamua nyumbani nikawapelekea yana dawa yangu ya kifafa nyingi kupita kiasi. Mashine yao inatambua kila kemikali kwa uzito wake, haibahatishi. Nisimnyonyeshe mwanangu Signe kwanza. Kesho niende wanitoe damu na maziwa mengine. Vidonge nisiache, hilo kalirudia.

Na mimi nilijiunga na utafiti wao ili kina mama wengine wenye kifafa wapate kujua kama ni salama kunyonyesha!

Jumanne, 5 Novemba

Wamenikamua kliniki kwa pampu yao. Titi linauma, mtoto hapewi.

Signe hataki maziwa ya kopo. Analala sana — au ndivyo watoto wanavyolala? Namtekenya unyayo mpaka akunje uso, ndipo napumua. Mama mkwe kaja na supu ya kuku, kasema Reino, mume wangu, naye utotoni alilala kama gogo, na bado hajaamka vizuri. Nikacheka. Kisha nikaenda kulia chooni.

Reino kaniponda kidonge kama kila siku. Tangu waliponipitisha mpira kooni wakati wa upasuaji, koo langu halipitishi kidonge kizima. Kaniletea kwenye kijiko, na jemu. "Fungua mdomo, bosi." Naiogopa hii dawa. Nikiiacha, nitaanguka na mtoto mikononi.

Nimemeza.

Ijumaa, 8 Novemba

Majibu. Bonnie kanieleza polepole kwa simu. Dawa ikipita mwilini, ini linaigeuza kiasi, na mashine inaziona zote mbili — nzima na iliyogeuzwa. Damu yangu sawa. Maziwa ya kliniki sawa. Yale ya nyumbani: iliyogeuzwa kidogo, kama kawaida. Nzima, tele.

"Hiyo haikupita mwilini mwako, mpenzi. Iliingia kutoka nje."

Nikageukia kaunta ya jikoni. Kijiko. Unga mweupe wa kidonge, umetapakaa. Pembeni, kwenye taulo, vikombe vya pampu vinakauka. Na chupa za Signe! Hata hizi za maziwa ya kopo, wiki nzima.

Nikamwambia Bonnie yote. Akasema mlete sasa hivi.

Wamemtoboa kisigino. Alilia, lakini kidogo mno. Daktari kamsikiliza moyo, karuhusu turudi, majibu ya damu kesho. Chupa zote tutupe. Anyonye kwangu moja kwa moja.

Reino alitungoja kwenye gari, kaniuliza mbona kimya. Nikamwambia: ni unga wa vidonge anavyoniponda. Tulipofika nyumbani kaenda moja kwa moja jikoni. Kaosha kaunta. Kaosha tena. Kaosha mikono mpaka imekuwa myekundu.

Sasa kasimama mlangoni, na Signe kifuani pake anatafuta titi kwenye shati la baba yake. Kambeba kama mzigo wa kuni, viganja kavigeuzia nje visimguse.

"Njoo umchukue," kasema.

"Mlete wewe. Mshike vizuri, umlete."

Hajasogea bado. Signe kaanza kulia — sauti yake ya siku zote, au nasikia ninachotaka. Nimefungua vifungo. Nangoja.