Namba Uliyonitumia Kila Asubuhi

Baba Atieno,

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Wacha nianze na wewe, kwa kuwa hutanijibu.

Ulipougua ukarudi Asembo Bay kwa Mama yako, mimi nikabaki Kisumu na duka la mabati. Ulitengeneza kompyuta yako ya huko nyumbani ili niweze kuingia ndani yake nikiwa dukani. Tukawa tunaandika kwenye ukurasa mmoja, wewe huko, mimi huku. "Uza mabati, acha kuniwaza," unaandika, nami naona herufi zinatokea moja moja, polepole, kama mtu anayetembelea fimbo.

Kila asubuhi ulinitumia namba ya kuingilia. Nikakuuliza, "Namba gani hii haikai? Mimi nikishika namba kichwani haitoki, unanijua."

"Wewe tumia ya leo."

Nilidhani unanichezea.

Tangu tukuzike nimeingiza ile ya mwisho mpaka vidole vikachoka. Inakataa. Nikawapigia watu wa intaneti. Wakasema, "Mama, stima ikipotea na kurudi, kile kifaa cha intaneti cha nyumbani kinapewa namba mpya." Kwa hiyo na maumivu yale ulikuwa unaamka kuangalia kama imebadilika? Na kuniambia ungepungukiwa nini?

Tena ule ukurasa hukuuhifadhi. Mama amekataza mtu kugusa mashine, iko vile ulivyoiacha, kwenye chaji. Betri yenyewe haifikishi nusu saa. Stima ikikawia kurudi, hata mara moja tu, maneno yetu yote yamekwenda. Jana mawingu yakawa mazito upande wa ziwa. Ningepanda gari, lakini niliona mvua itanitangulia ikate stima.

Nikampigia Mama. "Juu ya kioo, pembeni, kuna namba aliyokuwa akiitazama Baba Atieno. Nisomee." Akasoma kwa Kijaluo, taratibu, kila nukta akiiita "kadoa." Nikaandika. Ikafunguka.

Nilihifadhi ukurasa mara tatu, mahali patatu. Nikawa natoka kwenye mashine yako.

"Nyar Nyakach," Mama akasema, bado ananiita binti wa kwetu, "kuna kamshale kanatembea hapa."

"Ni mimi, Mama."

"Basi usitoke. Katembeze tena."

Nikakatembeza, juu, chini, kuzunguka, mteja akigonga kaunta. Sijui nilikuwa namtembezea nani. Mama hakukata simu, nami sikuacha.

Pumzika, Baba Atieno. Hasira bado ninayo.

Mkeo,
Mama Atieno