Mashine ya Maji Imeikubali Spiriti, Baba Swafiya

Mpenzi wangu Baba Swafiya,

Asalaam aleikum huko uliko, na Mola akupe nafasi na upepo. Swafiya ameota meno mawili ya chini, sasa anang'ata kila mtu. Mamako hajambo, ila magoti tu. Ninakuandikia nikiwa hapa shambani Mwakirunge, mwana amelala juu ya leso karibu na kisima, nami nina habari ambayo hakuna mwingine wa kumwambia akanielewa vile ungenielewa wewe.

Unaikumbuka siku ulipoleta spiriti nyumbani mara ya kwanza? Ile ya majiko, wanayouza kwa kipimo dukani. Mamako aliunusa mtungi akashika kiuno.

"Pombe, Hamisi? Ndani ya nyumba niliyokuzalia?"

Hukuinua hata kichwa. "Hanywi mtu, mama. Inakunywa mashine ya maji."

"Basi italewa, na mimi sitaki mlevi uani kwangu."

Ulicheka mpaka bisibisi ikakuponyoka.

Kila mtu ulimwambia ni kwa sababu petroli imepanda na mchicha wetu unakauka. Ilikuwa kweli. Lakini mimi nilikuwa nikiyaona macho yako. Ulitaka tu kujua kama itawezekana, na ugonjwa ule ukaniambukiza na mimi. Mimi niliyeishia darasa la saba, tangu nizaliwe sikuwahi kupewa kitu nikaambiwa nikifungue. Wewe ulinitia kabureta mkononi ukasema, "Haya, fungua tuone." Nikafungua. Ndani mlikuwa na kikombe kidogo, kiboya cha kuelea, na kile kipande cha shaba mnachokiita jeti, chenye tundu ambalo unywele unapita kwa taabu. Sikuamini kwamba mafuta yote ya mashine yanapita hapo.

Nilikuuliza kwa nini tundu lipanuliwe. Ukaniambia spiriti haina nguvu kama petroli, kwa hiyo mashine lazima inywe nyingi zaidi kwa hewa ileile. "Ni kama uji na ugali, Mama Swafiya. Ukitaka mtu ashibe uji, mpe bakuli kubwa." Tukatwaa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, tukaupaka dawa ya kung'arishia shaba, tukawa tunauzungusha tunduni kwa zamu, wewe kidogo, mimi kidogo. Ulipotia kifuniko kimoja cha petroli cha kuiamshia na kuvuta kamba, iliwaka, ikashika spiriti, na maji yakapanda. Ila ilikubali kutembea choki, kile kilango cha kuzibia hewa, ikiwa imefungwa nusu tu. Ukiifungua yote inakohoa. "Inapenda kubanwa pumzi," ukasema. "Tutaichunguza, inshallah."

Hatukuichunguza. Uliugua, na yaliyofuata unayajua.

Nilipokuwa katika eda sikutoka, na hakuna aliyekumbuka kuimwaga spiriti iliyobaki ndani. Nilipomaliza nikaja huku na mwana mgongoni, nikakuta mpira wa mafuta umelegea kama tambi zilizopikwa, na kabureta imeota unga mweupe mpaka kwenye tundu la jeti. Nduguyo Athumani alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Shemeji, hii imekwisha. Ijumaa mtu wa skrapu anapita na mkokoteni, tuiuze. Shamba tulirudishe kwa mwenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe utafute kazi za ndani huko mjini. Mama atakaa na mtoto."

Usimkasirikie. Aliyasema hayo akiangalia pembeni, kisha akaongeza polepole, "Kila nikiiona naona mikono yake." Lakini mimi nilihisi Swafiya ameshaondoka mgongoni mwangu. Nikamwambia aniachie mpaka hiyo Ijumaa.

Nilibadilisha mpira. Nikakwangua unga wote na kuzibua jeti kwa uzi wa waya kama ulivyonifunza. Nikanunua spiriti mpya, nikaimimina kwenye ule mtungi wetu. Nikavuta kamba. Ikawaka kwa ile petroli ya kuamshia, kisha ikakohoa ikafa. Nikafunga choki nusu, ikafa. Nikasema basi, tundu lingali dogo. Nikapanua. Ikafa. Nikapanua tena kidogo. Ikafa vilevile, na mkono wangu umevimba kwa kuvuta kamba.

Nilirudi nyumbani. Mamako alikuwa akichambua mchele. Akaniuliza kama mlevi ameamka. Nikamwambia hajaamka, nami sijui nimekosea wapi.

"Si kwa uchafu," akasema. "Ule mtungi nimeusuuza mimi mwenyewe mara tatu, kama chombo chochote kilichotiwa pombe. Hata maji nikayaacha kidogo ndani, harufu ife."

Niliacha kuvua buibui.

Unakumbuka ulivyonionyesha kwenye chupa? Maji na petroli hayapatani. Maji yanakwenda chini na unauona mpaka wake. Spiriti ukiitia maji inayameza, na hata ukiiinua juani huoni kitu. Ndivyo nilivyokuwa nikimimina maji kwenye mashine bila kujua. Sikumwambia mamako neno. Alifanya aliyofunzwa na mamake, na angejilaumu bure.

Asubuhi nilichukua visahani viwili. Kimoja nikatia spiriti ya mtungini, kingine nikatia iliyotoka dukani moja kwa moja ndani ya chupa kavu, nikaviwasha. Moto wake hauonekani juani, wallahi, nilijua unawaka kwa kuutia kijiti tu. Nilichuchumaa hapo nikisubiri, Swafiya akijaribu kutambaa aje aone, namrudisha kwa mguu. Kisahani cha dukani kilikauka. Cha mtungini kilizimika, na chini pakabaki maji ya kumtosha kuku kunywa.

Nilimwaga ile yote, nikakausha tanki na kikombe cha kabureta kwa kitambaa, nikatia ile kavu. Sikuwa na hakika, maana tundu nilikuwa nimeshalipanua kupita ulipoliacha wewe. Ikawaka. Nikaanza kuifungua choki taratibu, nikingojea ikohoe. Nikaifungua yote. Haikukohoa. Basi ndiyo nikajua, mume wangu, haikuwa ikipenda kubanwa pumzi. Ilikuwa na njaa, maana tundu tulilitoboa bado dogo. Ukiibana hewa, ile spiriti kidogo inayopita inaonekana nyingi. Ulibakisha kidogo tu kufika, na laiti ningeweza kukuonyesha.

Athumani alikuja Ijumaa baada ya sala, na mtu wa mkokoteni nyuma yake. Maji yalikuwa yameshafika tuta la tatu.

"Ndiyo hii?" yule mtu akauliza.

"Huoni inafanya kazi?" Athumani akamjibu kwa ukali, kana kwamba ni yeye aliyetukanwa. Akavua viatu, akakunja suruali, akaubeba mpira wa maji kuupeleka tuta la nne. Alikuwa akifuta uso kwa kiwiko. Hajalitaja tena neno skrapu, wala kazi za ndani.

Sasa nakuuliza. Hiki kifuniko cha petroli cha kuamshia, hatuwezi kuachana nacho? Nimeona mchana jua likiwa kali inakaribia kushika bila hicho, lakini alfajiri inakataa kabisa. Nadhani spiriti haipendi baridi. Kesho nitaizungushia kabureta kitambaa cha maji moto kabla ya kuvuta kamba, nione. Ikikataa, nitatafuta njia nyingine.

Swafiya anaamka, ameshaanza kunung'unika. Pumzika kwa amani ya Mola wako, nami nikiendelea kukuombea huku nina grisi kwenye kucha.

Mkeo,
Mama Swafiya