Somo la Kukaa Sakafuni

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, ukiondoa magoti, na magoti yangu si habari mpya.

Siku tuliyomzika mama yako uliniambia nisikupigie simu tena. Sijapiga. Hukusema nisiandike, kwa hiyo naandika.

Shida yangu ni Kifungo, mbwa wa mama yako. Miezi minne sasa analala chini ya cherehani, kichwa kwenye kile kikanyagio, pale mguu wa mama yako ulipokuwa. Mwanzoni alikuwa anamaliza nusu sahani. Sasa analamba maziwa kidogo basi. Daktari wa mifugo amempima akasema hana ugonjwa wowote, ila akiendelea hivi hamalizi mwezi.

Unajua kazi niliyofanya. Miaka thelathini na moja nimefundisha mbwa wa ulinzi na hakuna aliyenishinda. Huyu namwambia keti, ananitazama kama anayesubiri nimalize niondoke. Namwambia njoo, anafumba macho. Jana nilimpandishia sauti, akajikojolea. Nilipiga deki mwenyewe, nikaona aibu.

Mama yako aliwahi kuniambia kwamba kazi yako siku hizi ni kufundisha watu wazima kucheza na mbwa wao. Nilicheka sana siku ile. Sasa nakuuliza, huwa mnafanyaje? Huyu ndiye pekee aliyebaki humu ndani anayemkumbuka mama yako pamoja nami. Sitaki afe.

Baba yako


Tarehe 13 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kikohozi kimeniganda. Pole na magoti, maana utayahitaji.

Nilikaa na barua yako siku tatu kabla ya kuifungua. Bado nakusikia ulivyoninong'oneza pale kaburini, "Nyamaza, watu wanakuangalia." Nilikuwa namlilia mama yangu, Baba. Lakini Kifungo hana kosa, kwa hiyo nakujibu.

Kwanza, acha amri zote. Keti, njoo, lala, zifungie kabatini pamoja na filimbi yako. Halafu kaa sakafuni. Si kwenye kiti, si kwenye kigoda, sakafuni. Mpe mgongo. Usimwite, usimwangalie, na usigeuke hata ukimsikia anakuja. Mbwa mwenye huzuni akikodolewa macho anajiona ana kosa. Kaa hivyo nusu saa kila siku mpaka aje mwenyewe. Akishakuja, chukua soksi kuukuu, ipige fundo, icheze kana kwamba wewe ndiye unayeitaka. Na umsemeshe kwa sauti ya kijinga. Unayo, kila mtu anayo, yako tu imekaa miaka mingi bila kutumika.

Usidhani uko peke yako. Darasa langu ni ukumbi wa vigae nyuma ya duka la mbao. Nina mwalimu mkuu mstaafu aliyekuja na rula. Nina hakimu anayemsomea mbwa wake hotuba. Wiki ya kwanza wote husimama wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Mbwa hawana shida, wanajua kucheza tangu wazaliwe. Wenye mbwa ndio waliokatazwa mahali fulani, wakaacha, wakasahau kwamba waliacha. Hakimu alipotambaa mara ya kwanza alicheka mpaka akalia, akaniomba nisimwambie mtu. Sijakwambia.

Mimi nilifundishwa haya yote na Vurugu, yule mbwa wa utotoni mwangu, nadhani unamkumbuka. Alitoroka mapema, lakini ile miezi minane ilinitosha kupata kazi ya maisha.

Mwanao


Tarehe 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi hicho usikifanyie mchezo, kunywa vitu vya moto na uvae kitu shingoni. Mimi naendelea.

Ripoti yangu ni hii. Siku ya kwanza nilikaa sakafuni nusu saa, cherehani ikiwa nyuma yangu. Hakuna kilichotokea, ila nilishindwa kunyanyuka, nikatambaa mpaka kwenye kochi. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu jirani yetu fundi viatu alichungulia dirishani akauliza kama nimeanguka. Nikamwambia niko kazini. Akaenda kumwambia mkewe kwamba Afande ameanza kuchanganyikiwa, mkewe akaja mbio na chupa ya chai.

Siku ya saba nilisikia kucha zake kwenye sakafu. Nilitamani mno kugeuka. Sikugeuka. Alikuja akaniegemea hapa kiunoni kwa uzito wake wote, akashusha pumzi. Mwanangu, nililia. Hapakuwa na mtu wa kuniangalia, lakini hata kama mtaa mzima ungekuwepo ningelia. Pale kaburini nilikosea. Ilikuwa haki yako kulia, na mimi nilitakiwa nilie nawe.

Sasa anakula. Anadai soksi tangu asubuhi. Sauti ya kijinga ninayo kweli, inafanana na ya shangazi yako. Juzi alinipokonya soksi akazunguka nayo meza, nikamfukuza kwa magoti, nikajikuta nacheka kwa sauti. Nilishtuka, nikadhani kuna mtu ameingia.

Umemtaja Vurugu. Kuna mambo yake nitakuandikia siku nyingine.

Baba


Tarehe 8 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, nilivaa skafu kama ulivyoagiza. Magoti yanasemaje?

Barua yako niliisoma darasani, nikaruka ile sehemu ya kaburini. Hakimu amesema anakuonea wivu. Sehemu ya kaburini nimeisoma peke yangu, sijui mara ngapi. Asante, Baba.

Kwa kuwa wewe umesema, na mimi niseme. Nilikuogopa miaka yote. Hata Mama alikuita Afande, na humo ndani tulicheka kabla hujarudi kutoka kazini tu. Ila kuna kitu kimoja kilichofanya nisikuchukie. Vurugu alipotoroka ulinishika mkono, tukamtafuta wiki tatu nzima. Ukirudi kutoka kazini, hujavua hata buti, tunatoka. Wewe unapiga mluzi, mimi naita. Tulipita nyuma ya karakana, tukainama kwenye mitaro, tukauliza duka kwa duka. Nilikuwa na miaka tisa. Hukuwahi kunishika mkono kabla ya hapo, wala baada ya hapo. Kila tukigombana naukumbuka ule mluzi, najiambia, huyu mtu alinitafutia mbwa wangu.

Nina likizo mwezi wa sita. Nakuja nyumbani. Tutakaa sakafuni wote watatu.

Mwanao anayekupenda


Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Natumaini umeamka salama. Kama umesimama, kaa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Ningeweza kunyamaza, ukaja mwezi wa sita, tukacheza. Lakini kila nikirusha soksi namwona yule mwingine, na siwezi kukupokea mlangoni nikiwa hivi.

Vurugu hakutoroka.

Nilimleta nyumbani akiwa mtoto kwa sababu mabanda ya kazini yalikuwa yamejaa. Alikuwa mbwa wa kampuni, akue halafu afanye mtihani. Nilikukataza kucheza naye. Ukacheza naye nikiwa kazini, na mama yako akakufichia siri. Siku ya mtihani, mtu wa mazoezi huvaa koti nene la kukinga meno, anamjia mbwa na fimbo huku anafoka, na mbwa anatakiwa arukie mkono auume. Vurugu aliichukua ile fimbo mkononi mwa yule mtu, taratibu kabisa, akaileta miguuni pangu. Akakaa, akatikisa mkia, akingoja niirushe. Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilikuwa mkuu wa mafunzo, na walinicheka.

Mbwa aliyeshindwa alikuwa anachomwa sindano ya kumlaza moja kwa moja. Ndiyo ilikuwa sheria ya pale. Lakini fomu ilikuwa na nafasi ya maoni ya mkufunzi, na ningeandika nimchukue mwenyewe wangenikubalia. Niliandika, "Hafai." Nikatia sahihi. Nilimshika kwa mikono yangu wakati anachomwa, naye muda wote alikuwa anaiangalia ile fimbo.

Nilirudi nikakukuta getini unamngoja. Nikasema ametoroka. Ukalia, ukasema twende tukamtafute, nami sikujua la kufanya, nikakushika mkono. Wiki tatu nilipiga mluzi nikijua hakuna wa kuusikia. Mama yako hakuwahi kujua, usimhusishe katika hili.

Sikuombi chochote. Nimeona ujue ule mkono ulikuwa mkono wa nani.

Baba yako


Tarehe 3 Mei

Baba,

Barua imefika. Sitakuja mwezi wa sita. Usiniandikie.

Nilimwita mpaka sauti ikanikauka, na wewe ulikuwa pembeni yangu.


Tarehe 29 Agosti

Mwanangu,

Nakusalimu. Kama u mzima au u mgonjwa sijui, na hilo ndilo linaloninyima raha kuliko yote.

Ulinikataza kuandika, nimetii karibu miezi minne. Hii ni moja tu, halafu nanyamaza. Sikuandikii ili nikuite. Nakueleza tu nitakapokuwa.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi nakaa chini uani, karibu na kamba ya nguo, geti likiwa nyuma yangu. Geti naliacha wazi. Kifungo anakuwa nami na soksi yake. Tunakaa mpaka saa sita. Sitaita, sitapiga mluzi, na nikisikia mtu anakuja sitageuka. Wewe ndiye uliyenifundisha. Fundi viatu sasa ananiletea mkeka, wala haulizi tena.

Cherehani ya mama yako naifuta vumbi kila siku. Ni yako, siku yoyote utakayoitaka.

Baba


Tarehe 16 Novemba

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Naandika nikiwa kituoni, basi la kurudi halijafika, na nitaitumbukiza posta ya hapa hapa.

Nilifika nyumbani leo saa nne na nusu. Geti lilikuwa wazi kama ulivyosema. Nikauona mgongo wako. Umekonda, Baba. Lile shati la buluu alilokushonea Mama linakupwaya mabegani. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga safari nzima, mengine mabaya sana. Nikasimama pale getini.

Kifungo ndiye aliyeniona kwanza. Hakubweka. Alikuja na soksi, akaiweka juu ya viatu vyangu, akakaa, akatikisa mkia, akingoja. Kama yule. Sikuweza kumnyima, nikairusha. Ikaangukia karibu na mkono wako wa kushoto. Ukaitazama, na nikaona mabega yako yanatikisika. Ulijua ni mimi. Ungegeuka ningekimbia. Hukugeuka.

Nikarusha mara ya pili. Ya tatu sikuweza, nikaiweka chini nikaondoka. Samahani kama ulisikia hatua zangu ukadhani ninaingia.

Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Tangu Mei nimekuwa nawaambia watu darasani wacheze, nami nimesimama pembeni nimeshika soksi, mikono haitaki. Mwalimu mkuu ndiye anayenisaidia kuwaonyesha. Zamani nilikuwa nikirusha kitu namwona Vurugu mahali fulani, amezeeka, na watu wengine wanaomrushia. Huyo umeniondolea. Leo ndiyo mara ya kwanza nimerusha kitu tangu barua yako.

Jumamosi ijayo nitakuja tena. Huenda nikaishia getini, huenda nikasogea mpaka kwenye kamba ya nguo. Usiandae chochote, usimwambie fundi viatu. Kaa tu kama ulivyokaa leo, na ukinisikia niko karibu, hata nikiwa nalia, usigeuke bado.

Mwanao