Malkia wa Goweko

Mama Zuhura, mke wangu,

Salaam alaykum. Watu huuliza hali kwenye barua kwa mazoea tu. Mimi nakuuliza kwa sababu kweli sijui. Hujambo? Kikohozi cha Zuhura kimepoa? Mama anakula vizuri? Tangu Ijumaa nakupigia, simu inaita mpaka inakata. Kwa hiyo nimeandika, na barua nimempa mwenzangu wa kazini anayekwenda Dar kwa treni. Nimemwapisha afike Kisarawe na akukabidhi mkononi.

Mimi mzima wa mwili. Soko la tumbaku limefunguliwa, na kazi yangu unaijua: kutazama mzigo wa mtu na kusema ni daraja gani. Hapa Goweko kila mkulima ana hakika tumbaku yake ndiyo bora, na nikimwambia ni daraja la tatu ananitazama kana kwamba nimemtukania mtoto. Siwezi kumjibu kwa ukali. Namwita baba, namwita mama, naeleza, natabasamu. Jioni ikifika nimemeza maneno tele, na narudi kwenye nyumba ambayo hata mlango ukilia nashukuru.

Ndipo nashika simu, nacheza sataranji. Ni lile drafti la wafalme nililojifunza chuo cha kilimo, ila sasa nalichezea mtandaoni, na mtu nisiyemjua wa nchi nisiyoijua. Mwanzo ni raha. Nikishindwa, nasema nicheze moja tu ya kulipiza. Nacheza na hasira, nashindwa tena. Hasira hasara, nalijua hilo, nimemfundisha hata Zuhura, lakini kidole hakisikii. Naanza kusema peke yangu, halafu napayuka. Na kwenye mchezo huo kete yenye nguvu kuliko zote inaitwa malkia. Hapo sikiliza vizuri, maana ndipo maneno yalipoanzia.

Jumatano, magharibi ikikaribia, kidole kiliteleza, nikamweka malkia wangu mbele ya farasi wa yule mtu, akaliwa. Nikapiga kelele, "Malkia wangu! Unakwenda wapi? Rudi!" Kuta za hapa nyembamba. Punde nikasikia hodi. Alikuwa Mama Kulwa, jirani yangu Mnyamwezi, yule aliyeniuguza malaria, ndipo akapata namba yako. Amebeba ugali na nsansa, majani ya kunde ya kukausha, na sahani mbili.

"Mzaramo, mtoe mgeni ale," akasema. "Mwanamke hagombezwi akiwa na njaa."

"Mama, humu hamna mtu."

"Hamna mtu? Ulikuwa unambembeleza nani arudi? Paka?"

Nikamwonyesha simu. Alicheka mpaka akakaa kizingitini. Kisha sahani ile ya pili akaila yeye, tukiongea, na nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Sasa, wewe umetoka Upareni, utani wetu huu hukuukulia. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zao walipokuwa wakishusha mizigo ya misafara kwetu pwani. Mtani akikutangazia msiba wako ukiwa hai, unacheka. Ukinuna, aibu ni yako. Mama Kulwa alidhani mke wa Mzaramo naye ni mtani wake. Ndiyo maana Ijumaa alikupigia akakwambia, "Njoo umchukue mumeo, ana malkia ndani, wanagombana kila jioni." Alikuwa anangoja umtukane. Wewe ukakata simu.

Tangu siku hiyo amenyong'onyea. "Kumbe nimemwumiza mtoto wa watu," ananiambia kila tukikutana. Anakuomba radhi, na chupa ya asali inayokuja na barua hii ni yake.

Mwanamke hayupo, Mama Zuhura. Hajawahi kuwepo. Mchezo sijauacha, nisikudanganye, ila nimejiwekea sheria: nikishindwa mara moja simu naitia kwenye debe la unga, mimi naenda kisimani hata kama maji yapo. Nikirudi, hasira imepungua. Upweke haupungui. Nimekuja kugundua kwamba siye yule mtu wa mtandaoni ninayemgombeza. Natamani tu kuwe na mtu humu ndani wa kumwambia rudi.

Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie miguu aikande kila jioni asingoje iume. Msalimie kaka Selemani, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi anayekuuzia vitumbua kwa mkopo wa maneno matamu. Zuhura mbusu kichwani, umwambie baba hajambo.

Na wewe, nakujua: ukikasirika hunyamaza. Mimi kutwa nawanyamazia watu, na usiku nyumba inaninyamazia mimi. Ukimya wako siuwezi. Kama bado huniamini, usijizuie. Jumapili nitapiga baada ya adhuhuri. Pokea, unitukane mpaka salio langu liishe. Sitakujibu neno, nitasikiliza tu.

Mumeo,
Baba Zuhura
Goweko